Mashimo katika bustani ya mboga Mikindani: mchimbaji ni nani?

Mama Bustani, Mikindani

Salaam aleikum, ndugu zangu wakulima. Nina bustani ya mboga hapa Mikindani, katika bonde lililo nyuma ya nyumba yetu, kiasi cha hatua mia mbili kutoka inapoanzia mikoko. Kila mwaka mvua zinapokatika, mnamo mwezi wa tano, ninapanda mchicha, bamia, nyanya chungu na matembele, na kwa miaka sita sikuwa na adui mkubwa zaidi ya kuku wa jirani. Mwaka huu nimeongeza matuta manne upande wa chini, karibu na mfereji, kwa sababu udongo wa huko hubaki na unyevu hata Agosti, na tangu hapo ardhi imeanza kutoboka.

Niliyagundua mashimo hayo kwa hasara ya maji. Nilimwaga ndoo ya lita ishirini kwenye tuta la bamia, nikasimama kungoja maji yaenee, nayo yakakusanyika upande mmoja na kupotea yote, kana kwamba nimeyamimina kwenye mtungi uliotoboka kitako. Nilipoondoa matandazo nilikuta shimo ambalo ngumi yangu ingeweza kuingia, ingawa sikuthubutu kuiingiza. Hadi leo nimehesabu mashimo kumi na moja ya aina hiyo, yote upande wa chini. Upande wa juu, wenye mchanga, yako mengine madogo yanayotosha kidole gumba, na kila moja lina kifusi cha mchanga laini mdomoni. Pamoja na hayo, miche ya mchicha niliyoihamisha kutoka kitaluni inapungua kila usiku: mingine haionekani kabisa, na mingine ninaikuta imelala chini, imekatwa shina kama kwa wembe.

Ushauri nimepewa wa kila aina. Jirani amesema ni nyoka, akaja na chupa ya petroli. Mjomba wangu amesema ni panya buku, akanunua sumu ya panya, ambayo nimeifungia kabatini kwa kuwa nina watoto wadogo. Mwingine amenipa nusu mfuko wa salfa iliyobaki baada ya kupuliza mikorosho yake, akanihakikishia kwamba hakuna kiumbe kitakachostahimili harufu yake. Kabla sijamwaga chochote ardhini ningependa kumjua mchimbaji mwenyewe. Je, mtu anaweza kumtambua kwa kulitazama shimo tu?

Mwenyeji wa Newala

Waaleikum salaam, dada. Kwanza mrudishie jirani petroli yake. Nyoka tunaowaogopa, kama swila na moma, hawachimbi. Wao huingia kwenye shimo lililochimbwa na mwingine, kwa hiyo hata ukimwona nyoka akichungulia, bado hujamjua mchimbaji. Ulilopata hapo ni onyo tu kwamba ulifanya vema kutoingiza ngumi. Petroli yenyewe ikishamwagwa huua nyungunyungu na mizizi, na mvuke wake unaweza kushika moto usoni mwako kwa cheche moja.

Mashimo yako madogo ninayafahamu vizuri, kwa sababu huku juu kwenye uwanda wa Makonde, penye mchanga mwekundu, tunaishi nayo. Hao ni nyenje, wale wakubwa wa rangi ya kahawia, ambao wengine huwaita chenene. Kila mmoja hukaa peke yake katika shimo lake, hutoka usiku, hukata mche mchanga na kuuburuta hadi ndani akaulie chumbani kwake. Kile kifusi laini mdomoni ndicho kitambulisho chake. Ukitaka uhakika, kaa kimya bustanini jua linapozama, kwani dume huimba akiwa mdomoni mwa shimo kwa sauti kali inayouma masikio, nawe utafuata sauti mpaka kwenye tundu lenyewe. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiwachimba kwa jembe asubuhi na kuwachoma, na hakuna mama aliyelalamika kwamba mchicha umeliwa.

Kuhusu mashimo makubwa, mimi ningekuwa upande wa mjomba wako. Si fuko, kwa sababu fuko hupita chini kwa chini na kuacha vilima vya udongo visivyo na tundu lililo wazi, na angekwenda moja kwa moja kwenye mihogo na viazi, si kwenye bamia. Panya wa kawaida wa shambani naye shimo lake ni dogo, la upana wa kizibo cha soda au zaidi kidogo, na huwa na vijia vilivyokanyagwa kwenye majani. Shimo la kuingia ngumi linamfaa panya buku, anayejaza chakula mashavuni na kukibeba hadi ghalani mwake. Huyu ni mnyama mwenye akili kuliko watu wanavyomdhania: wale wanaofunzwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndio walionusa mabomu ya ardhini hapo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Kwetu huku, bila shaka, kazi yake ya mwisho huwa sufuriani. Nakushauri utege mtego wa chuma mdomoni mwa shimo, uweke kipande cha nazi iliyokaangwa.

Muuza Mboga, Mingoyo

Kaka wa Newala amesema kweli kuhusu nyenje, lakini kuhusu mashimo makubwa amesema kama mtu anayeishi juu ya mlima. Huko kwake maji yako mbali sana chini ya ardhi, ndiyo maana mchimbaji huyu hajawahi kukutana naye. Dada, bustani iliyo hatua mia mbili kutoka kwenye mikoko, matuta karibu na mfereji, udongo usiokauka hata Agosti: huyo ni kaa.

Sisemi kaa wale wadogo wanaokimbia ufukweni. Namsema kaa wa nchi kavu, mwenye gamba pana kama kiganja cha mtu mzima, ambaye siku nyingi haendi baharini kabisa. Anapumua kwa matamvua kama samaki, kwa hiyo lazima awe na unyevu, na ndiyo sababu huchimba kwenda chini mpaka afikie maji, hata kama ni urefu wa mtu. Mchana hujificha. Usiku na alfajiri hutoka, huokota majani makavu na matunda yaliyoanguka, na akikuta miche laini ya mboga haiachi. Kwa hiyo maji yako ya ndoo hayakupotea, dada. Yalirudi kisimani kwa njia ya mkato.

Mimi nina bustani bondeni huku Mingoyo, upande wa Lukuledi, na nilipoteza nusu ya msimu kwa sababu ya mitego kama hiyo anayoisema kaka. Nilitega kwa nazi, nikangoja panya buku. Asubuhi ya tatu nilikuta mtego umefyatuka, na katikati ya meno yake limebaki gando moja, kubwa kuliko kidole changu cha kati, bado linajikunja. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuliacha na kuondoka, kwani kaa akibanwa gando hukubali kulikata aokoe maisha. Nililipeleka kwa mume wangu, ambaye alikuwa amenunua mitego sita.

Angalia kilicho pembeni mwa shimo. Panya hurusha udongo nyuma kwa miguu, ukatawanyika. Kaa hubeba tope kwa mafumba akaliweka nje, kwa hiyo utaona vidonge vizito vya tope la kijivu, vingine vikubwa kama kokwa la embe, tope ambalo halifanani na udongo wa juu kwa sababu limetoka chini kwenye maji. Kama tope hilo lipo, acha kubishana na mjomba.

Bwana Shamba Mstaafu, Masasi

Nimeyasoma maelezo yenu kwa makini, na ninaona kwamba kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli, ila bado mnakisia kutokana na umbo la shimo peke yake. Nilipokuwa kazini niliwaomba wakulima wafanye jambo moja kabla ya kuniita, nami nakuomba wewe pia, mwanangu. Jioni, baada ya kumwagilia, ziba mashimo yote kwa udongo, makubwa kwa madogo, usawazishe kwa kiganja, kisha uchekeche majivu makavu kuzunguka kila palipokuwa na shimo, upana wa shubiri mbili. Usitumie unga, kwa sababu utaita sisimizi na utachafua ushahidi. Rudi alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Shimo lililobaki limezibwa halina mwenyewe, na huna haja ya kuhangaika nalo. Lililofunguliwa litakuwa limeandikwa: panya huacha vidole na mara nyingi mstari wa mkia, kaa huacha vitone vya ncha za miguu pande mbili kama mtu aliyedonadona kwa ncha za vijiti, na nyenje hatakuachia zaidi ya kifusi kipya. Fanya hivyo siku tatu mfululizo, maana usiku mmoja unaweza kudanganya.

Kuna jambo ambalo wote mmelipita. Mwuliza swali amesema kwamba miche mingine inatoweka na mingine inalala palepale ikiwa imekatwa. Nyenje hubeba, na kaa naye hubeba au hutafuna. Mche uliokatwa usawa wa ardhi na kuachwa umelala ni kazi ya sota, kiwavi mnene wa rangi ya kijivu ambaye hachimbi shimo lolote la kuonekana. Mchana hujilaza chini ya udongo kando ya mche alioukata, kina cha ukucha au kidole, akiwa amejikunja kama herufi C. Papasa kwa kijiti kuzunguka shina lililokatwa asubuhi hiyohiyo, utamkuta. Nimewaona watu wengi wakipigana na mashimo msimu mzima huku mla miche akiwa hana shimo. Na kama utakuta vitundu vyembamba kama kalamu kwenye njia iliyokauka, huku nyigu wembamba wakiingia na kutoka peke yao peke yao mchana, waache, kwa maana wengi wao huwinda viwavi ili kuwalisha watoto wao.

Sasa salfa. Sisi watu wa Kusini tumezoea kuiona kama dawa ya kila kitu kwa sababu inaokoa korosho zetu, lakini kazi yake kwenye mkorosho ni kuzuia ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa ukungu. Haitamuua kaa wala panya. Ikikaa ardhini, vijidudu vya udongo huigeuza tindikali polepole, na mchanga wetu wa pwani hauna uwezo mkubwa wa kuihimili. Mrudishie mwenyewe kwa shukrani. Na sumu ya panya iendelee kukaa kabatini, au itoke nyumbani kabisa, kwa kuwa kuku, paka na bundi hufa kwa kula panya aliyekula sumu.

Ikiwa ni kaa kweli, ningependa ulitazame jambo hili kama habari kuhusu maji yako kuliko kama habari kuhusu wadudu. Kaa huyo amekwambia bure kwamba maji yako karibu na juu, na karibu na mikoko maji hayo yanaweza kuwa na chumvi. Chimba shimo la majaribio kwa jembe kando ya mfereji, ungoje maji yatulie, uyaonje kwa ncha ya ulimi. Tazama pia kama udongo ukikauka unabaki na utando mweupe, au kama ncha za majani ya mboga zinaungua na kuwa kahawia. Maharage na karoti hazitavumilia hali hiyo. Mchicha huvumilia zaidi. Inawezekana matuta yako manne ya chini yangepata shida hata kama kaa wote wangehama leo.

Kuwazuia si kazi ngumu, ila haimaliziki kwa siku moja. Zika ndoo hadi ukingo wake uwe sawa na ardhi, weka ndani maganda ya papai au machicha ya nazi, na asubuhi utakuta walioteleza. Ukishamtoa mwenye shimo, lijaze mawe na udongo mzito, la sivyo atakuja mpangaji mwingine. Kwa kudumu, weka uzio wa vipande vya bati laini upande wa mikoko, uzike shubiri moja chini na uache shubiri mbili juu, kwa sababu kaa hupanda ukuta wa mawe na fito kwa urahisi lakini hushindwa kwenye bati lisilo na pa kushika. Usiyaache mashimo yenye maji wazi karibu na nyumba. Yupo mbu wa pwani hii, ambaye wataalamu humwita Aedes pembaensis kwa jina la kisiwa cha Pemba, anayezaliana katika mashimo ya kaa na hata hutaga mayai kwenye miguu ya kaa mwenyewe, ili kaa amfikishie majini. Huuma watu vibaya.

Mwenyeji wa Newala

Shikamoo, mzee wetu. Nakubali kwamba nilizungumza kutoka mlimani. Ningeuliza tu kuhusu nyenje: sisi huwatoa kwa kumimina maji yenye sabuni kidogo ndani ya shimo mpaka atoke mwenyewe. Je, sabuni hiyo inaharibu udongo wa mboga?

Bwana Shamba Mstaafu, Masasi

Marahaba. Maji matupu yanatosha, mradi umimine mfululizo bila kupumzika. Nyenje hapendi kuzama, atapanda juu. Kwenye mchanga unaonyonya maji haraka mtachosha ndoo, na jembe litakuwa rahisi zaidi. Sabuni kidogo haitaua bustani, lakini sioni sababu ya kuiweka.

Mama Bustani, Mikindani

Shikamoo, mzee wetu, na asanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kutimiza zile siku tatu.

Usiku wa kwanza kati ya mashimo kumi na moja makubwa yalifunguliwa manane, na mengine matatu hayajafunguliwa mpaka leo. Vidonge vya tope vilikuwapo kama dada wa Mingoyo alivyosema, vya kijivu na vyenye harufu ya mikoko, na mimi nilikuwa nimevikanyaga wiki nzima nikidhani ni samadi iliyoganda. Katika majivu kulikuwa na vitone vingi pande mbili, na kwenye shimo moja jani la bamia lilikuwa limevutwa nusu, bua likiwa nje. Usiku wa pili mjomba hakuridhika, akaja na tochi na kiti. Saa tano hivi aliniita kwa sauti ya chini, nikamkuta amemmulika kaa wa rangi ya zambarau iliyofifia, amesimama mlangoni kwake, ameinua gando moja kubwa dhidi ya mwanga na hataki kurudi ndani. Mjomba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba panya buku lazima wako mahali pengine.

Upande wa juu nilichimba shimo moja la kifusi kwa jembe. Lilikwenda chini kwa mshazari, karibu urefu wa mkono wangu, na mwisho wake palikuwa na chumba ambamo nilimkuta nyenje mnene wa kahawia, na pembeni yake mabua saba ya mchicha yaliyonyauka, yamepangwa pamoja. Wanangu wamewatoa wengine watano. Kuhusu miche iliyolala, nilipapasa kuzunguka mashina kumi na mawili, nikapata sota wanne, wote wamejikunja vilevile kama mzee alivyosema. Kwa hiyo nilikuwa na wezi watatu na nikawa namtafuta mmoja.

Maji ya shimo la majaribio yalianza kuonekana nilipofika magotini. Nimeyaonja, yana chumvi, si kali kama ya bahari lakini ulimi unaitambua. Nilikuwa nimepanga kupanda maharage huko chini mwezi ujao, na sasa nimeyahamishia juu, penye mchanga, baada ya kuwamaliza nyenje. Chini nitabakiza mchicha na bamia zilizokwisha kushika. Ndoo ya kwanza tumeizika juzi kwa maganda ya papai, na asubuhi ilikuwa na kaa wawili, ambao mwanangu mkubwa amewarudisha mikokoni kwa kupinga amri ya mjomba. Bati nimepata vipande vitatu vya zamani vilivyobaki tulipoezeka banda, havitoshi upande wote, kwa hiyo tumeanza na kona iliyo karibu na mfereji. Salfa na petroli zimerudi kwa wenyewe. Jirani anauliza kama anaweza kuazima majivu, kwa sababu na kwake kumeanza kutoboka.